Chuchumaa Mara Tatu

Mtu akija kuniambia tena kwamba biashara ni mwili, na mwili wenye mafuta haukimbii, nitamrushia mkasi. Nasema kweli. Ninao mkasi mzito wa kukatia kitambaa kigumu, umening'inia kwenye msumari karibu na mlango, na mkono wangu haukosei. Mwaka umepita na hasira yangu haijapoa. Watu wananiambia, mama, sahau, mambo si yaliisha vizuri? Yaliisha vizuri kwa nani?

Mimi ni fundi wa kushona hapa Lubumbashi. Atelie yangu, chumba changu cha kushonea, iko katika komini ya Kenya, mtaa wa mji huu na si nchi, nyuma kidogo ya soko. Hatushoni nguo za harusi wala za kwaya. Tunashona salopeti, ile nguo ya kazi ya kipande kimoja kutoka shingoni hadi miguuni, ya buluu au ya rangi ya chungwa, yenye mikanda inayong'aa mgongoni. Mji huu umevaa salopeti: watu wa mgodi, watu wa reli, watu wa gereji, mpaka walinzi wa mageti. Ukiijua kazi hii hukosi mteja. Shida ni kwamba wateja wangu walikuwa wadogo wadogo. Huyu anataka kumi, yule ishirini, halafu kimya mwezi mzima, na mafundi wangu wanne wamekaa wanatazama mashine zao. Miaka kumi na mbili nilimngojea mteja mmoja mkubwa, wa kurudi kila mwaka.

Pamoja na hao wanne alikuwepo yaya. Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na huyu ni dada yangu, amenizidi miaka tisa. Tangu siku ya kwanza ya atelie yupo. Kazi yake ilikuwa kumalizia: kukata nyuzi, kupiga vifungo, na kukagua. Na ukaguzi wake, ah! Kila salopeti iliyotoka kwenye mashine aliivaa yeye mwenyewe, juu ya nguo zake. Anafunga zipu mpaka shingoni. Anasimama katikati ya chumba. Kisha anachuchumaa hadi chini kabisa, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, anasimama. Mara ya pili. Mara ya tatu. Anapitisha mkono katikati ya miguu, anapapasa mshono, anavua, anakunja, anachukua nyingine.

Jambo hilo hakulitoa hewani. Sisi tulikulia kambi ya reli, na baba yetu alikuwa mtengenezaji wa mabehewa, kutwa yuko chini ya vyuma. Siku moja alirudi nyumbani kajifunga koti kiunoni. Salopeti ilikuwa imepasuka kati, mbele ya wenzake wote, nao walimcheka mpaka saa ya kutoka. Alikula bukari yake, ugali wetu wa jioni, lile koti bado liko kiunoni. Toka siku hiyo mama akimshonea nguo ya kazi, au hata akitia kiraka tu, baba hakuruhusiwa kuondoka nayo kabla ya kusimama uani na kuchuchumaa mara tatu, sisi watoto tukihesabu kwa sauti: moya, mbili, tatu! Sauti ya yaya ilikuwa inapita zetu zote. Wake wengine wa kambi waliona, wakaiga, na ikawa Jumapili jioni unasikia kutoka nyumba hii na nyumba ile watoto wanawahesabia baba zao. Mama alikuwa na neno lake moja tu: "Muntu wa kazi hasimame tu sawa mulingoti. Anachuchumaa."

Basi yaya alileta ua wa mama ndani ya atelie yangu. Mwanzoni nilipenda. Baadaye ilianza kunikera, nakiri. Nguo kumi zimeshamalizika, mteja yuko mlangoni, na yeye bado yuko ya nne, polepole, anachuchumaa, anasimama. Na kila mwaka polepole inazidi. Akiinuka anashika ukingo wa meza, anatoa sauti ndogo puani, mm, kisha ndipo anyooke. Ile mm ilikuwa inanipanda kichwani. Nilikuwa namwambia, "Yaya, unafanya spoti hapa? Bantu banangoya bintu yabo!" Mafundi wanacheka. Yeye anapapasa mshono wake.

Sasa nije kwa yule bwana.

Daktari aliniambia presha imepanda, nitembee, nikimbie kidogo. Nikaingia kwenye kundi la futing, yaani mbio za taratibu, la akina mama na akina baba wafanyabiashara. Kila Jumamosi asubuhi tunatoka Kenya, tunapita Kamalondo, tunavuka reli, tunakwenda mpaka Karavia karibu na ziwa, tunarudi. Siwezi kusema uongo, mwili wangu ulifurahi. Presha ilishuka, usingizi ukarudi. Na lile kundi lilikuwa na desturi moja nzuri: wa mbele wakifika mbali, wanageuka, wanarudi wakiimba mpaka kwa yule wa nyuma kabisa, wanamzunguka, wanakwenda naye. Hakuna aliyekuwa anafika peke yake. Wakati mwingine wa nyuma nilikuwa mimi, nahema, na kuona watu thelathini wanageuka kwa ajili yangu ilinipa miguu mipya.

Ndipo koch akaja, kocha wa miili na wa maisha ya watu. Mwanaume mwenye nguo nyeupe ya mazoezi, nyeupe pepepe, hata vumbi la Lubumbashi lilimwogopa. Alisema amesomea mambo ya kufikia malengo. Alitukusanya kwenye majani pale Karavia baada ya kukimbia, sisi tunatoka jasho, yeye mkavu, akaanza. Kwanza alikomesha ile desturi ya kugeuka. "Hapa hatungojane," alisema. "Ukimungojea wa nyuma, na weye unakuwa wa nyuma." Halafu akatuuliza mmoja mmoja lengo letu. Mimi nikasema: mteja mkubwa, kandarasi ya mwaka. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mama patroni, biashara ni mwili. Mwili yenye mafuta haiwezi kukimbia. Ni nani njo anakukawisha mu atelie?"

Na mimi, mjinga, mbele ya watu wote, nikajibu.

"Ni yaya yangu."

"Voilà. Ule njo mafuta. Utabeba uzito ule mpaka wapi?"

Watu wakapiga makofi. Makofi yale nayasikia hadi leo, na kinachonichoma ni kwamba nilitabasamu. Nilirudi nyumbani nikikimbia, nimejaa maneno ya mtu aliyekuwa hajawahi kushika sindano.

Haikupita muda mteja mkubwa akaja kweli. Kampuni inayofanya kazi za mgodi, yenye uwanja wake kwenye barabara ya Luano, ilitaka salopeti mia mbili na arobaini. Mkuu wao wa usalama, mtu mtaratibu, anaongea kama anayehesabu maneno, aliniambia wazi: hizi zikiwa nzuri na zikifika kwa siku yake, atanipa kandarasi ya mwaka mzima. Niliruka kama mtoto. Kitambaa kilikuwa kinatoka Zambia, na si kikakwama Sakania, mpakani! Karatasi moja imekosa muhuri, mara mwenye muhuri hayupo, mara yupo lakini siyo leo. Wiki mbili zilikwenda hivyo hivyo. Kilipofika, siku zilizobaki zilikuwa nusu ya zile nilizozihitaji. Na umeme nao ni ule mnaoujua, unakuja na kuondoka unavyotaka.

Nilikaza buti. Niliwaambia mafundi: kasi. Walirefusha mshono, maana mshono mrefu unakwenda haraka, na pale kati ya miguu, mahali tulipokuwa tunashona mara mbili siku zote, wakapita mara moja. Niliwaona. Nilinyamaza. Siku ya pili ya kazi yaya alichukua salopeti ya kwanza, akaivaa, akachuchumaa, akapapasa. Akaja nayo mezani kwangu.

"Hii itapasuka," alisema. "Mushono iko mulefu, na banapitisha mara moya."

"Yaya, hatuna muda."

"Basi tushone kadogo lakini muzuri. Umwambie ule bwana ukweli."

"Nimwambie nini? Kandarasi iende?"

"Muntu wa kazi anachuchumaa," alisema, vilevile na sauti ya mama.

Na hapo ndipo nilipofungua huu mdomo wangu. Mafundi wote wanne walikuwepo, mashine zimenyamaza.

"Yaya, weye njo unanikawisha. Weye ni uzito. Ni mafuta ya hii atelie. Wende nyumbani upumuzike."

Alivua ile salopeti, akaikunja vizuri kabisa, mikono ndani, akaiweka juu ya meza. Akachukua mkasi wake mdogo na futi yake ya kupimia, akavifunga kwenye kitambaa. Alipopita mlangoni alishika fremu kwa mkono, akashuka kile kidaraja kimoja polepole. Nilimwona. Nilirudi kwenye kazi, na niape? Nilijisikia mwepesi.

Tulimaliza siku ile ile iliyotakiwa. Hakuna hata moja iliyovaliwa wala kuchuchumaliwa. Zilipangwa kwenye mafurushi, rangi ya chungwa, mikanda inang'aa, na ungeziona ungesema ni kazi ya kiwanda. Zikaenda Luano. Mkuu wa usalama akanialika kesho yake asubuhi nije nione watu wake wakizivaa, kisha tuongee habari ya mwaka. Na mimi nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka najipiga paji la uso: nikamwalika koch. Nilitaka aone. Nilitaka aseme mbele ya kundi kwamba mama huyu alitupa mafuta akafika.

Kwa kampuni zile kuna mazoezi kila asubuhi kabla ya kazi. Watu wanapangwa mistari uwanjani, wananyoosha mikono, wanazungusha viuno, wanachuchumaa, ndipo wanapanda magari. Wote wanalijua hilo, mji mzima unalijua, na mimi nilikuwa nawashonea. Walikuwa kama sabini asubuhi ile, wote wamevaa mpya, na nasema walipendeza. Mkuu wa usalama alipomwona koch na nguo yake nyeupe, kwa heshima tu, akamwambia, "Patroni, leo utuongoze weye."

Koch akaruka mbele. Akapiga makofi. "Malengo ni mwili! Nani mwenye nguvu?" Wanaume wakaitika. Mikono juu. Kiuno. Kisha akapaza sauti, akanyoosha kidole kuelekea ardhini.

"Chini!"

Walikwenda chini wote pamoja. Na ule mlio, Mungu wangu. Maisha yangu yote nimesikia vitambaa vikipasuka kimoja kimoja. Sabini kwa pamoja sijawahi. Kisha wanaume wakabaki pale chini, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusimama. Mmoja akapeleka mkono nyuma taratibu. Mwenzake akaona. Basi kicheko kilichotoka pale! Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kabisa, lakini si wote waliocheka. Mstari wa mbele kulikuwa na mtu mzima, kichwa cheupe, wa rika la baba yangu wakati ule. Yeye hakucheka. Alivua kofia yake ya kazi, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, akaondoka uwanjani akitembea kinyumenyume.

Aibu ikanivaa. Na yule mwehu wa nguo nyeupe akanijia, akaniwekea mkono begani, mbele ya watu wale wote, akasema:

"Mama patroni, usivunjike moyo. Hata musuli inapasuka kwanza, njo inakomaa."

"Hii si musuli!" nilipiga kelele. "Hii ni suruali ya ba-baba ya bantu!"

Alirudi hatua mbili. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika hapa, maana nimelelewa vizuri. Alitafuta pikipiki, akapanda, akaenda zake. Nguo yake haikuwa na hata doa.

Mkuu wa usalama hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aligeuza salopeti moja mkononi, akautazama ule mshono mmoja, mrefu, wa uvivu.

"Mama, siku sita," alisema. "Lundi, Jumatatu ile, nataka zote, nzuri. Ao uzitwale, tusionane tena." Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua tu: "Muntu wa kazi anachuchumaa. Haukujua?"

Nilijua. Nilijua kabla hajazaliwa.

Sikwenda atelie. Nilikwenda mtaa wa Katuba, kwa yaya. Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, miguu yote miwili ameinyoosha mbele, anamenya nyuzi za majani ya maboga kwa ajili ya mchana. Nilisalimu. Aliitika. Hakunikaribisha kiti. Kiti kilikuwepo pale, cha plastiki, karibu na ukuta, na mwenye kujua mila yetu anajua maana ya kumwacha mdogo wako amesimama juani na kiti kipo.

"Yaya, zimepasuka."

"Wapi?"

"Kati."

Akasonya. Akamenya jani moja, la pili. "Mbele ya bantu?"

"Mbele ya bantu bote. Walikuwa mu mazoezi."

Akainua uso. Niliona mashavu yake yanaanza kutetemeka, halafu akaangua kicheko, akacheka mpaka majani yakamwagika, akajifuta machozi na kitenge. "Bote pamoya?" aliuliza. "Bote pamoya," nilisema, na kwa kweli hasira zilinipanda, nikataka kumwambia anyamaze. Nikamsimulia habari ya yule mtu mzima mwenye kofia. Kicheko chake kikakatika.

Akaanza kuokota majani yaliyomwagika.

"Uliniita mafuta," alisema.

Nilisimama nimekunja mikono yangu kama mtoto aliyevunja chungu.

"Nitakuya," alisema. "Haiko juu yako, usijidanganye. Juu ya ule papa wa kofia. Na lakini mimi sitachuchumaa tena. Nitaikala. Weye njo utachuchumaa. Yote."

"Yote mia mbili na arobaini?"

"Mara tatu tatu."

Nilidhani ananiadhibu. Nilisema moyoni, sawa, ni haki yake, na mimi ni mtu wa futing, nafika Karavia na kurudi, kuchuchumaa ni nini?

Alikuja kesho yake, akakaa kwenye kiti cha kukatia nyuzi, akanyoosha miguu yake mbele, akawa yeye ndiye patroni. Mafundi walifumua kila mshono wa kati wa salopeti zilizorudishwa kutoka Luano, wakashona upya, mshono mfupi, mara mbili, na mwisho wakaufunga. Arobaini kwa siku. Kila moja inayotoka, napewa mimi. "Vala." Navaa. "Chini." Nakwenda chini. "Moya," anahesabu, kwa sauti ile ile ya uani kwa mama. "Mbili. Tatu. Papasa." Napapasa. "Vula. Ingine." Siku ya kwanza nilikuwa nacheka. Siku ya pili mapaja yalikuwa yanawaka moto. Siku ya tatu asubuhi nilishindwa kukaa chooni, samahani kwa kusema, ilibidi nishike ukuta. Siku ya nne mapaja yalipoa na maumivu yakahamia kwenye magoti, ndani kabisa, kama kuna mchanga. Nilijaribu kudanganya. Nakwenda nusu, nasimama. Yaya hainui hata macho.

"Ile haiko chini. Tena."

Siku ya sita, Jumapili, baada ya misa, zilibaki chache. Nilikuwa nimevaa moja kubwa, ya mtu mnene. Nikaenda chini mara ya tatu, na kusimama kukakataa. Nikanyoosha mkono, nikashika ukingo wa meza, nikajivuta, na puani mwangu, bila kutaka, ikatoka ile sauti.

Mm.

Mashine zilinyamaza. Au labda mimi ndiye sikuzisikia tena. Nilitazama mkono wangu pale ulipokuwa umeshika. Ukingo wa ile meza, mahali pale pale, ubao umelika, umekuwa laini, umeingia ndani kidogo, sawasawa na upana wa kiganja. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ile meza kila siku na sikuwahi kupaona.

Nikageuka. Yaya alikuwa ananitazama.

"Yaya, magoti yako ilianzaka kuuma lini?"

"Mwaka ya tatu ya atelie."

"Kwa nini haukusema?"

"Nilisema," alijibu. Hakukasirika. "Ulinambia nifanye futing."

Nililia pale pale, nimevaa salopeti ya mwanaume mnene, mafundi wanatazama chini. Nililia kwa hasira, nataka ieleweke. Hasira ya koch, ndiyo, lakini koch alinijua Jumamosi tatu. Mimi nilikuwa naisikia ile mm kwa miaka tisa, na nilichokifanya nayo ni kuwachekesha mafundi. Miaka tisa mtu anavunja magoti yake ili nguo zenye jina langu zisipasuke, na mimi nikasimama kwenye majani ya Karavia nikamtaja mbele ya watu kuwa yeye ndiye mafuta. Nilimwambia yaya anisamehe. Akanyoosha mkono akachukua salopeti inayofuata, akaikung'uta nyuzi.

"Bado kumi na moya," alisema. "Vala."

Jumatatu mkuu wa usalama aliwapanga watu wake na akaongoza mwenyewe. Chini, juu, chini, juu, mara nyingi kuliko kawaida, nilimwona anafanya makusudi. Hakuna uzi uliokatika. Yule papa mwenye kichwa cheupe alikuwa mstari wa mbele. Alishuka taratibu, akapanda taratibu, akavaa kofia yake. Kandarasi nilipewa ya miezi sita kwanza, ya kuniangalia. Nilikubali, ningefanya nini?

Koch alinitumia ujumbe kwenye simu baada ya mwezi. Amesikia kwamba nilifaulu. Anaomba nije nitoe ushuhuda pale Karavia, jinsi mazoezi mia saba na ishirini ya kuchuchumaa yalivyookoa biashara. Mtu huyu alikuwa amekwishazidisha mara tatu! Nilimjibu kwamba nitakuja, na mkasi wangu. Hajaandika tena. Futing ya Jumamosi nimeiacha. Natembea peke yangu mpaka Katuba asubuhi, namchukua yaya, tunarudi pamoja kwa mwendo wake, tunasimama anapotaka kusimama.

Maana alibaki. Hajawahi kusema kwa nini, wala hajasema kwamba amenisamehe, na mimi naogopa kuuliza. Anakaa kwenye kiti chake karibu na meza, miguu ameinyoosha kwenye stuli niliyomwekea mto. Salopeti ikitoka kwenye mashine, mafundi hawaulizi, wananiletea mimi. Navaa, nafunga zipu mpaka shingoni, nasimama katikati ya chumba, na yeye anahesabu. Juzi nilikuwa nimechoka, mteja yuko mlangoni anatazama saa, nikaenda nusu, nikasimama.

"Ile haiko chini," alisema yaya. "Tena."

Nikamwambia mteja angoje, nikarudi chini.